Ng'ombe Watatu wa Fonds Mama

Jumatatu, 1 Septemba

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Pesa za mabati haziko koperative ya akiba.

Mama alipofikiwa na zamu yake ya likirimba, mchango wa kupokezana wa akina mama, alinikabidhi zote nikaziweke. Akasema mimi njo nilisoma, niko na diplome. Nilifika hadi mlangoni. Ndani alikuwa binamu yangu Josiane, muuza jibini, ambaye kila kitu anakijua kwa sauti kubwa. Akaniuliza mbele ya watu kama naleta pesa ao nakuja kulomba kazi. Nikageuka.

Halafu redio! Bwana mmoja alikuwa anashauri watu wa kawaida juu ya fonds, mfuko wa kuwekeza: pesa kidogo inanunua vipande vya vitu vingi, kimoja kikianguka vingine vinasimama. Basi. Mimi ni gérante, msimamizi, wa Fonds Mama.

Jumanne, 2 Septemba

Nimenunua! Robo ya ng'ombe kwa Papa Damien wa sokoni, mwekundu. Robo kwa Jean-Luc, dereva wa moto, pikipiki ya abiria; huyo mwenye pembe ndefu. Robo kwa Mama Colette wa maharagi, mwenye doa usoni. Ng'ombe watatu! Wote wanachungwa milimani Burungu, lakini Burungu ni kubwa. Nilitaka kuuliza majina yao. Niliona haya.

Gharama za usimamizi: beignet mbili za kukaanga, nimezila.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Maji juu ya kitanda cha Mama. Tumesogeza kitanda, maji yamekifuata. Mama amesema Jumamosi tunaenda pamoja kutoa pesa, fundi anapanda Jumatatu. Nimejibu ndiyo, Mama.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi Papa Damien ameagiza niambiwe: ng'ombe hali majani, nilete pesa ya dawa. Kabla sijavaa viatu, Mama Colette naye: wake hali majani. Kisha Jean-Luc mlangoni. Watatu kwa siku moja! Ugonjwa wa milima yote! Nimelipa dawa mara tatu, kwa pesa ya sabuni na chumvi, nikapanda moto ya Jean-Luc hadi Burungu. Njia nzima amepiga mluzi.

Mchungaji, Papa Élysée, ameuliza natafuta ng'ombe gani. Nikasema watatu: mwekundu, mwenye pembe ndefu, mwenye doa usoni. Amecheka mpaka akaegemea fimbo. Akanionyesha mmoja. Mwekundu. Pembe ndefu. Doa usoni.

Damien, Colette na Jean-Luc ni watoto wa baba mmoja. Mzee alikufa akaacha ng'ombe huyu na watoto wanne. Mtoto wa nne aliuza robo yake mwaka jana. Kwa nani? Kwa Josiane! Papa Élysée anasema Josiane aliuliza jina la ng'ombe kwanza, kama muntu yeyote wa hapa anavyouliza. Anaitwa Bahati. Amelala chini, anapumua kama mlango mbovu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilimwambia Mama njiani, mbele ya koperative, kwa sauti ndogo sana. Ameniomba nirudie. Nimerudia. Akakaa juu ya jiwe.

Hakuna anayetaka robo tatu za mgonjwa, ila mwenye robo ya nne. Josiane amelipa bei ya mgonjwa, akaniita Madame la gérante mbele ya wanunuzi wake wote. Mama amenunua mabati. Yanafunika nusu ya nyumba. Amesema tu, mutoto yangu, nilikutuma hapa karibu, wewe ukafika Burungu.

Jioni habari: Bahati amesimama, anakula, anakamuliwa. Josiane anaimba.

Jumapili, 7 Septemba

Sikulala. Nimechambua kosa. Redio haikukosea, mimi sikuchunguza ukoo wa wauzaji. Fonds bora haina ndugu ndani yake.

Baada ya misa kwaya wamenipa pesa za vitambaa vya sare niwatunzie, kwa sababu mimi ni mpole. Nje ya kanisa, kijana anayeitwa Trésor, amefika kutoka Walikale, anauza vipande vya mashimo matatu ya madini kule Omate. Matatu! Safari hii sikuona haya. Nimemuuliza uso kwa uso kama wenye mashimo ni watoto wa baba mmoja. Ameapa hapana, hakuna ndugu hata mmoja: yote matatu ni yake peke yake.

Nimelipa. Gharama za usimamizi: beignet moja tu, Mama hana kitu.

Wewe unayesoma, tafadhali, usiwaambie kwaya. Na Josiane hata kidogo.