Mpiga Picha Aliyelipwa Kufuta

Kola aliinunua kamera ile kwa fundi redio, kwa bei ambayo mtu mwingine angenunulia shati, na shati lenyewe la mtumba. Ilikuwa kamera ndogo ya dijitali, ya wanaoanza, rangi ya fedha iliyobabuka kwenye pembe. Ilitumia betri mbili za aina ya saa ya ukutani, na kifuniko cha betri kilishikiliwa na mpira wa kufungia noti.

"Inapiga vizuri," fundi alimwambia. "Ila ukibonyeza usiwe na haraka. Inafikiri kwanza."

Kola hakuwa na haja na picha. Alitaka kuiuza mara tatu ya bei kwa mtu asiyejua kamera, na kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mjini miaka yote, kuuza kitu kwa asiyekijua. Jina la Kola alipewa kwa sababu ya ukosi wa shati lake, uliosimama wima hata siku ambazo mwenye shati hakujua atakula wapi.

Akasimama kando ya barabara aijaribu. Jua lilikuwa kali na kioo cha nyuma hakikuonyesha kitu. Akakikinga kwa kiganja, akakunja uso, akaielekeza kamera kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ndilo lililokuwa mbele yake. Kamera ikafikiri, kisha ikalia pii.

Mwenye duka akatoka mbio, kalamu sikioni.

"We bwana! Unapiga picha ya nini?"

Kola alikuwa karibu kusema ukweli, jambo ambalo lingekuwa geni kwake, lakini akauona uso wa yule bwana. Haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyepanga mbao na saruji juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kola akafunga mdomo, akatoa kijitabu, akaandika.

"Umetumwa na manispaa?"

Kola akatazama paa, akaandika tena. Aliandika "sabuni" na "nyembe", vitu vilivyokuwa vimemwishia nyumbani.

"Kaka, usiandike kwanza. Njoo ndani kwenye kivuli. Unakunywa soda gani?"

Soda ilipofika katikati, ikafuata bahasha.

"Sasa hiyo picha," mwenye duka alisema kwa sauti ya chini, "haifutiki?"

"Kufutika inafutika," alijibu Kola, na hilo lilikuwa kweli tupu. Akamwonyesha kitufe chenye alama ya pipa la taka. Kamera yenyewe ikauliza: Futa? Ndiyo au Hapana? Kola akampa mwenye duka abonyeze kwa kidole chake mwenyewe, ili aone fedha yake imekwenda wapi. Duka likatoweka kwenye kioo, na mwenye duka akapumua hadi vifungo vikalegea.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwa heshima. Wapiga picha wote tunaowafahamu hulipwa kwa kupiga. Huyu alilipwa kwa kufuta, na bila kusema uongo hata mmoja. Siku ya pili alimpiga kinyozi, ambaye umeme wake ulitoka kwenye nguzo kwa njia zake mwenyewe, naye akafutwa. Alipigwa fundi cherehani, akafutwa. Siku ya tatu Kola alinunua betri mpya na akala nyama mara mbili.

Siku ya nne upepo ukageuka, na aliyeugeuza ni kinyozi. Mtu anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima hupata muda wa kuwaza.

"Hivi jamani," aliwaambia wateja wake, "manispaa wakitaka kubomoa, wanapiga picha? Wanabomoa tu! Ukiona wanapiga picha, ujue wanataka kulipa. Barabara inapanuliwa. Kuna fidia!"

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulijua habari za fidia, na kufikia alasiri kila mtu alikuwa ameitia chumvi yake. Baba Vyumba, mwenye nyumba ya wapangaji kumi na wanne, alimshika Kola mkono katikati ya barabara.

"Nipige. Mbele, nyuma, ubavuni. Na choo usikiache, kile kina vigae."

"Picha nyingi hivyo zinamaliza betri, mzee wangu."

"Betri ni juu yangu!" Na bahasha yake ilikuwa nene kuliko zote.

Nyuma ya Baba Vyumba walipanga foleni kinyozi, fundi cherehani na mwenye duka, waliolipa juzi wafutwe, sasa wakilipa warudishwe. Kola aliwapokea kwa roho nyeupe, wala hakumkumbusha mtu ya nyuma.

Kati ya duka na nyumba ya Baba Vyumba palikuwa na kibanda cha mbao, na ndani yake mama mmoja aliyenyoosha nguo za watu kwa pasi ya makaa. Mtaa ulimwita Mama Pasi. Siku zote nne hakutoa bahasha ya kufutwa wala ya kupigwa, na hilo lilimkera Kola. Siku ya tano asubuhi akamfuata.

"Mama, nimekupiga picha."

"Nimeona. Hebu nitazame nimetokaje."

Mama Pasi akaweka pasi juu ya kigae, akafuta mikono, akaipokea kamera na kuikinga jua kabla ya kuambiwa. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye pembe ya picha. Tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa mosi Januari, ya miaka kumi na miwili iliyopita.

Kamera za bei ile zina tabia hiyo, ukitoa betri zinasahau leo ni lini. Mama Pasi aliijua tabia hiyo vizuri. Kabla simu hazijamwaga unga wake, alikuwa akipiga picha za vitambulisho kwa kamera kama hii hii. Alijua pia kwamba hakuna ofisi itakayotuma mtu akusanye ushahidi wa mwaka ambao nusu ya mtaa ilikuwa haijajengwa. Akaitazama kamera, akautazama ukosi wa Kola, akaelewa yote.

"Nimetoka vizuri," alisema, akamrudishia kamera, akarudi kwenye pasi.

Hakupiga kelele. Angepiga, mtaa ungemla Kola mzimamzima, bahasha zingerudi kwa wenyewe, na yeye angebaki na makaa yake. Makaa hayo ndiyo yaliyomtesa. Moshi ulikuwa umemkaa kifuani kiasi kwamba kila akicheka alikohoa, naye alikuwa mtu wa kupenda kucheka. Kwa mwaka mzima alikuwa akitamani fremu moja kwenye kona, chumba cha duka chenye mlango na umeme. Hela ya kulipia fremu ndiyo iliyokosekana.

Kola, kwa kuona mama hababaiki, akaivuta picha karibu kwenye kioo, atafute kasoro ya kumtishia. Akaona kitu kwenye nguzo ya kibanda. Namba. Arobaini na saba, kwa rangi nyekundu.

"Mama, hii namba ya nini?"

Mama Pasi akafungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi na halikuwa na siri yoyote. Lakini aliyaona macho ya Kola yanavyong'aa, akaufunga mdomo. Akachukua shuka la mteja, akalitundika juu ya nguzo.

"Namba gani?" akasema.

Moyo wa Kola ukalipuka. Kumbe wapo! Kumbe watu wa kweli wa fidia walipita, wakapaka namba, na mama huyu anaficha ili ale peke yake! Siku nne amekuwa akiokota vijibahasha huku mzigo wenyewe umekaa hapa, umefunikwa shuka. Akajitia hamnazo, akaegemea kibanda.

"Mama yangu, moshi huu utakuua. Kwa nini usiuze ukapumzike?"

"Nimekaa hapa miaka tisa, mwanangu."

"Nakupa hii," Kola akasema, akatoa bahasha ya Baba Vyumba.

Mama Pasi akageuza suruali upande wa pili. Kola akatoa ya kinyozi. Suruali ikageuzwa tena. Ikatoka ya fundi cherehani, zikatoka za mwenye duka, ya kwanza na ya pili. Mpaka suruali inakunjwa, mifuko ya Kola ilikuwa mitupu.

"Na hiyo kamera," alisema Mama Pasi.

"Kamera ya nini tena, mama?"

"Si tunahitaji picha ya makabidhiano?"

Kola akaitoa akicheka meno yote nje, maana mtu wa fidia ana shida gani na kamera iliyofungwa kwa mpira? Wakaandikiana karatasi. Mama Pasi akarudi hatua tatu, akabonyeza kitufe nusu, akangoja, akamalizia. Picha ikatoka safi, Kola kifua mbele mlangoni pa kibanda chake, na ni kweli alivyosema fundi redio, asiye na haraka inampigia vizuri.

Kola akakaa kibandani kungoja fidia. Siku ya kwanza watu walileta nguo, akawafukuza. Siku ya pili njaa ikamfundisha kuwasha makaa. Siku ya tatu mwenye duka alikuja na suruali, akaiona nguzo, akapiga kofi la furaha.

"Kumbe bado inasomeka! Mbao zangu hizi. Mzigo wangu wa arobaini na saba, Mama Pasi aliununua kwangu mwaka ule nafungua duka."

Kola akaondoka bila kuaga. Kwenye fremu ya kona alimkuta Mama Pasi na pasi ya umeme, na kamera imening'inia kwenye msumari chini ya kibao cha picha za vitambulisho.

"Umeniingiza mjini, mama! Ile namba ungeniambia!"

"Ungeuliza mara ya pili ningekuambia."

"Ukatundika shuka!"

"Shuka lilikuwa bichi."

"Nakwenda polisi!"

"Twende, mwanangu. Mimi nitakuja na kamera. Picha za Baba Vyumba zimo zote, mpaka za choo."

Mama Pasi akacheka. Akacheka kwa kirefu, na kifua hakikukwama popote.

Kola akarudi kibandani na uamuzi mmoja, achukue viatu vyake vya akiba atoweke mjini. Alikuwa anafunga kamba ya kwanza waliposimama mlangoni Baba Vyumba na kinyozi, kila mmoja na fungu la nguo. Kinyozi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, wembe ukiwa bado mkononi.

"Mheshimiwa," alisema Baba Vyumba, "tulikuwa na wasiwasi na wewe, tusikufiche. Lakini tulipoona umenunua mwenyewe, kwa fedha zako, tukasema hii fidia ni kweli. Mtu haweki fedha zake kwenye uongo wake."

"Sisi tukikuona hapa mioyo inatulia," kinyozi akaongeza kwa upendo. "Siku tukipita tukakukosa, hapo ndipo tutajua tumeliwa."

Kola akautazama wembe, akawatazama wateja wake, akaifungua kamba ya kiatu. Akayapuliza makaa, akalichukua shati la kinyozi, akauliza analihitaji lini.