Vikunya Wangu Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa kijiji. Majani ya koka yalizunguka, tukatafuna, kisha mwenyekiti Anacleto akatangaza kwamba mahali pa chaku, yaani siku ya kuwakamata na kuwanyoa vikunya, mwaka huu pataamuliwa kwa vipimo, si kwa mazoea. Nilikaribia kumkumbatia.

Miaka tisa mfululizo chaku imefanyika Kakapata, uwanda wa shemeji yangu Basilia, mdogo wa marehemu mke wangu. Mwenye uwanda hushika kichwa cha kamba ya vitambaa. Watu mia mbili wakiishika kamba hiyo huwazunguka vikunya, ndugu wadogo wa ngamia waishio porini, na kuwasukuma hadi zizini, naye ndiye hukata manyoya ya kwanza kabla wanyama hawajaachiwa warudi milimani. Nina miaka sabini na mmoja. Nusu ya kijiji nimewafundisha kusoma. Uwanda ninao, ng'ambo ya Kakapata, lakini mkasi ule sijaushika hata siku moja.

Basilia aliniuliza mbele ya watu kama upande wangu una vikunya au ni mawe yenye masikio. Takwimu zitajibu.

Jumanne, 4 Juni

Kipimo cha malisho. Mhandisi Yesenia amekuja kutoka mjini na pete ya waya, pana kama sarafu. Njia ni rahisi, nami niliwaeleza waliokuwepo mara mbili. Unatembea mstari ulionyooka. Kila hatua mbili unaweka pete mbele ya kiatu na kuandika kilichomo: nyasi, jiwe, kuvu au udongo mtupu. Mara mia moja. Nyasi zikiwa nyingi, malisho ni mazuri.

Nikaomba kutembea mwenyewe. Hakuna aliyesema hatua iwe ya urefu gani. Penye mawe nikazitanua, penye nyasi nikazifupisha. Nyasi sabini na nane! Basilia akauliza kama nacheza ngoma au nina kiharusi. Mhandisi akatandika kamba chini, akaniambia nirudie kwa kuifuata. Arobaini na sita. Nyonga inaniuma.

Lakini Kakapata walipata arobaini na nne. Nimeshinda, tena kwa haki, jambo ambalo sikulitarajia. Imebaki hesabu ya wanyama.

Alhamisi, 6 Juni

Hesabu ni kesho. Nimekaa na darubini asubuhi nzima: kwangu wapo arobaini na mmoja, kwa Basilia mia moja na kumi na wawili. Mtu mwingine angekata tamaa.

Mimi nimefikiri. Kila ukoo wa vikunya, yaani dume na majike yake, una lundo moja la kinyesi ambalo wote hulitumia mwaka baada ya mwaka. Mahali penye choo chako ndipo kwako. Basi ukihamisha choo, umehamisha kwao. Ajabu kwamba wataalamu hawajaliona hili.

Alhamisi Basilia huenda sokoni. Nikawachukua lama wangu wawili wa kubebea mizigo, koleo na magunia. Magunia kumi na manne kutoka Kakapata, nimeyamwaga kwangu kwa mpangilio mzuri. Mgongo umekufa. Moyo unaimba.

Ijumaa, 7 Juni

Makundi mawili ya wahesabuji vilimani, saa ileile, ili mnyama asihesabiwe mara mbili. Kwangu: mbweha mmoja.

Kakapata: mia moja hamsini na watatu.

Mhandisi alishangaa. Akatueleza kwamba dume akinusa kinyesi kigeni kwenye eneo lake huamini dume mwingine amelitwaa, na dume mwoga huondoka na familia yake yote. Nilikuwa napiga hesabu. Tangu kijiji hiki kianze, hakuna aliyewahi kuhamisha vikunya arobaini na mmoja kwa siku moja bila kuwagusa.

Jumapili, 9 Juni

Chaku, Kakapata. Nilipangwa mwisho wa kamba, karibu na choo cha wageni. Tulitembea tukipiga kelele, duara likabana, vikunya mia moja arobaini na tisa wakaingia zizini. Wanne waliruka. Hatujawahi kupata wengi hivyo.

Kisha Basilia akauchukua mkasi, akaniita. Akasema kwa sauti ya kufika hadi mlimani: "Mwalimu, njoo. Arobaini na mmoja umeniletea mwenyewe, na uwanja umenifagilia. Nyayo za lama wako nimezikuta. Kata wewe."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Anacleto alikaa chini. Mimi nikaenda, nikapiga goti. Mnyama wa kwanza alikuwa akitetemeka. Manyoya yake hayana uzito, ni kama kushika joto tupu. Basilia alimshika kichwa, akaninong'oneza kwamba dada yake angevunjika mbavu kwa kicheko. Nikamwambia ni kweli.

Nimekata wa kwanza. Imeandikwa kwenye kitabu cha kijiji, jina langu lote.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Njia yangu ilifanya kazi kikamilifu, kasoro mwelekeo tu. Kinachohitajika ni kitu cha kuwatimua kutoka Kakapata. Nimemwandikia Mhandisi Yesenia barua ya heshima, kurasa mbili, nikimwomba magunia kumi na manne ya kinyesi cha puma. Sababu nimeandika: bustani.