Paji la Uso la Mchinjaji

Jumatatu, 19 Desemba 1994

Mwalimu Gaudens wa chumba cha tatu kanunua mbuzi wa Krismasi. Beberu mweusi, kafungwa uani karibu na bomba. Kuku watatu pia. Nimewakagua wote. Shingo nzuri.

Niandike wazi, nisije nikasahau heshima yangu. Katika nyumba hii ya Bi Chausiku, hapa Manzese, mchinjaji ni mimi. Miaka tisa sasa! Wakristo wakiwa na sikukuu humwita Mwislamu achinje, ili sufuria moja ilishe nyumba nzima na asibaki mtu anatazama. Mwislamu huyo ni Mwinshehe. Mchinjaji hukalia kiti, si mkeka, na firigisi zote ni zake. Tangu kiwanda kilipotupunguza sina cheo kingine duniani.

Leo nimesikia jambo. Mama Brightson, mke wa Mwalimu, amepishana na Twalib koridoni akamwita shehe. Twalib! Fundi cherehani, mpangaji wa wiki tatu, ndevu zenyewe bado hazijakutana. Mimi miaka yote ananiita Mzee Mwinshehe, basi.

Hatari. Lakini mwenye akili haogopi. Zamani mtu alijulikana kwa kazi yake. Kazi zimekwisha, sasa anajulikana kwa dini yake. Pita barabarani uone: kibanda hiki kinauza kaseti za kwaya, kile kaseti za mawaidha, na kila mmoja anaongeza sauti. Vizuri. Na mimi nitaongeza.

Jumanne, 20 Desemba

Nimeazima kaseti ya kisomo cha Kurani. Msomaji hodari, pumzi ndefu. Nikafunga mlango, nikafungulia redio kaseti, nikajilaza kitandani na maandazi mawili. Nje kimya. Nikamsikia Mama Brightson akiwaambia wenzake bombani wapunguze maneno, Mzee Mwinshehe anasoma.

Umeme ukakatika! Katikati ya aya!

Nikaruka nikaendelea mwenyewe, andazi mdomoni. Bahati mbaya ninazozijua ni sura fupi tu. Nikazizungusha. Raundi ya nne umeme ukarudi, na yule bwana wa kaseti akaanza pale alipoachia. Tukawa wawili. Kuzima sikuweza, kitufe kiliganda.

Nilipotoka, Twalib alinipa shikamoo kwa adabu zote akauliza kama nimefungua darasa, na yeye angependa kujiunga. Bi Chausiku, mwenye nyumba wetu, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. Alisema shehe wa kwanza ana sauti nzuri, wa pili nimpe maji anywe.

Kwa ujumla, mwanzo mzuri.

Jumatano, 21 Desemba

Mbinu mpya. Nimemvuta Mwalimu pembeni nikamnong'oneza kwamba vijana wa aina ya Twalib hawakanyagi kwenye Krismasi ya mtu, seuze kuchinja. Nikasikitika sana wakati nasema. Mwalimu akasikitika pia. Nikajua imeingia.

Kosa la Mwalimu ni ualimu. Akitaka kujua jambo anauliza! Kaenda moja kwa moja kumuuliza Twalib. Twalib kajibu kwamba jirani ni jirani, atakuja mapema, na atamshonea Mama Brightson kitambaa cha meza cha siku hiyo.

Jioni kitambaa kimefika. Kina maua pembeni. Nyumba nzima imekisifu. Mimi pia nimekisifu, kwa sauti kubwa kuliko wote, wasije wakanishuku.

Alhamisi, 22 Desemba

Nimegundua siri yake. Sijida! Twalib ana alama nyeusi kwenye paji la uso, ile ya kusujudu sana. Hahitaji kaseti. Umeme ukatike usikatike, paji lake linamtangulia mlangoni. Yake imemchukua miaka. Mimi nina siku tatu.

Ila akili ni nywele. Binamu yangu Nassibu ameniletea korosho mbichi kutoka Mkuranga, na maganda yake. Utotoni tulikuwa tunachorana kwa maji ya ganda lile. Huunguza ngozi, na ikipona pamebaki peusi. Nimepaka duara dogo, katikati kabisa. Linawasha kidogo. Kwa usalama nimepaka mara ya pili. Na ya tatu, ili pande zilingane.

Ijumaa, 23 Desemba

Pande hazikulingana. Paji limeumuka, jicho la kushoto limefungwa.

Nimekwenda msikitini hivyo hivyo, maana alama bila msikiti ni kazi bure. Walikuwa hawajaniona tangu Idi. Nikasimama safu ya mbele, na nani akaja ubavuni kwangu? Twalib. Paji haligusiki, nikawa nasujudu vidole viwili juu ya mkeka. Mgongo bado unauma.

Baada ya swala akanipa pole, akauliza nani kanipiga. Nikamwambia ni ibada. Akasema polepole kwamba ibada nayo ina kiasi chake, Mzee wangu, akaahidi kuniletea asali nipake.

Wivu huo!

Jumamosi, 24 Desemba

Jicho la kulia nalo linafumba. Kioo kimenitisha. Nimenoa kisu kwa kupapasa.

Alasiri Mwalimu kabisha hodi. Mbuzi ni kesho saa mbili asubuhi, kabla hawajaenda kanisani. Anauliza nitakuwepo? Anauliza! Kumbe ni mimi! Ni mimi bado!

Lakini nitokeje na uso ule? Angeghairi palepale. Nikamjibu kupitia mlangoni, kwa sauti nzito ya kichamungu, kwamba niko kwenye itikafu, najitenga na dunia kwa ibada, tuonane kesho. Nilitaka aende akamwambie mkewe.

Akasema, kwa heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba hatathubutu kunisumbua, wala hataruhusu mtu yeyote anigongee mlango mpaka nitoke mwenyewe.

Nimelala nikitabasamu, upande usiouma.

Jumapili, 25 Desemba. Krismasi

Nimeamka saa nne. Mbuzi kimya.

Nikatoka mbio, kisu mkononi, kitambaa kichwani, jicho moja nusu. Watu wote uani wakageuka. Mbuzi yuko ndoanoni, amekwisha kuchunwa.

Nimesimuliwa yote. Walingoja. Mama Brightson alitaka kunigongea, Mwalimu akamzuia, mtu yuko na Mungu wake. Wakamgeukia Twalib. Twalib akakataa! Kasema kisu cha nyumba hii kina mwenyewe, na isitoshe hajachinja hata kifaranga, mikono yake imezoea sindano. Alikuwa anasubiri sikukuu hii anitazame mimi, ajifunze.

Basi Bi Chausiku akakaza khanga kiunoni, akataja jina la Mungu, akachinja. Mbuzi na kuku wote. Mtu mmoja kauliza kama nyama ya mkono wa mwanamke inafaa. Twalib kasema ni halali kabisa, hakuna shaka.

Pilau imeliwa. Nimekaa mkekani, na watoto. Kwenye kiti Bi Chausiku. Firigisi tatu kwenye sahani yake. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Miaka tisa, kisha siku moja unaona shughuli imekwenda bila wewe na chumvi iko sawasawa. Mama Brightson kauliza kama nalia. Nikamwambia jicho linatoa maji lenyewe.

Jumatatu, 26 Desemba

Asubuhi Bi Chausiku kaja na sahani, imefunikwa kawa. Nikampa shikamoo. Kaniambia nifunue. Firigisi! Zote tatu, hakuzigusa.

Kasema mkono wake ulitetemeka jana, umri huo, hana hamu tena. Kasema miaka tisa watu wamekula kwa mkono wangu na hakuna aliyewahi kukagua paji langu, si Mwislamu si Mkristo. Walikuwa wananiita kwa sababu ni jirani yao na nina kisu kikali. Kisu cha Idi ni changu, na cha Pasaka ni changu. Twalib anaomba nimfundishe. Akasema tena, kwa mkazo, nisijipake kitu kingine chochote. Akaondoka.

Nimekula firigisi huku natafakari kwa kina. Miaka tisa niliitwa siku ileile, hakuna aliyewahi kuniahidi kisu kabla. Leo nimeahidiwa sikukuu mbili kwa mpigo. Sasa nini kimebadilika kwangu wiki hii? Uso tu.

Nikaenda kwenye kioo. Gamba limeanza kubanduka. Chini yake: nyeusi! Upana wa kisosi, na imeteremka kidogo kwenye nyusi, lakini nyeusi tititi. Mpango umefaulu kwa asilimia mia!

Nimemtumia Nassibu salamu aniletee korosho nyingine. Nimechunguza vizuri, Twalib ana alama na kwenye vifundo vya miguu. Mimi nitaanzia magotini.