Malalamiko ya Shika Adabu Kuhusu Mvua ya Leeds

Abubakar Hamisi,
Steji ya Boda, karibu na msikiti,
Shika Adabu, Likoni,
Mombasa.

Kwa Msimamizi wa Mvua na Baridi,
Mji wa Leeds,
Uingereza.

Mheshimiwa,

KUH: MVUA YENU NA MPWA WANGU

Assalamu alaikum, na kama salamu hii huitumii, basi habari za asubuhi, ingawa nasikia huko asubuhi na jioni zinafanana. Mimi ni mwendesha bodaboda wa Shika Adabu, na kwa heshima ya jina la mtaa wetu nitajitahidi kuwa na adabu mpaka mwisho wa barua. Sijui jina lako wala ofisi yako ilipo. Ila nimeona lazima uwepo, kwa sababu mvua inayonyesha kwa bidii namna hiyo haiwezi kukosa mkubwa wa kuisimamia.

Barua hii nitaipiga picha nimtumie mpwa wangu Hashim, mtoto wa dada yangu Mwanamkasi, aichapishe huko na kukuletea mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yake: anapeleka chakula majumbani kwa pikipiki katika mji huo wako. Ikikufikia imelowa, tafadhali usimgombeze. Ipokee kama ushahidi.

Malalamiko yetu nayaweka kwa nambari ili usipate taabu.

1. Mvua yenu haina utaratibu. Ya kwetu ikitaka kuja hutanguliza upepo, mbingu ikafunga, wenye nguo kambani wakakimbia, kisha ikamwaga mpaka barabara ikawa mto, na baada ya hapo ikaenda zake. Mtu anajua imekuja na anajua imeondoka. Yenu, kwa maelezo ya Hashim, haipigi hodi wala haiagi. Inanyunyiza tangu alfajiri, tena inakuja kwa ubavuni badala ya kutoka juu, inamwingia mwendesha pikipiki shingoni na kuteremka mgongoni taratibu kama inayopajua. Na baada ya kazi yote hiyo ya kutwa, anasema, ndoo ukiiweka nje haijai. Huku kwetu mvua ya namna hiyo ingeitwa ofisini ikajieleze.

2. Baridi. Hili ni zito kidogo na naomba ulisome ukiwa umekaa. Hashim anasema glovu zikilowa, vidole vinakufa ganzi mpaka hajui kama ameshika breki au ameikosa. Akisimama kwenye taa za barabarani huinama akasogeza mikono karibu na injini ili vidole virudi. Mimi ndiye niliyemfundisha pikipiki, na sikumficha kitu: nilimfundisha mchanga, mashimo, mbuzi, na abiria aliyebeba godoro. Kushika breki bila kuisikia sikumfundisha, kwa sababu sikujua kama iko nchi inayohitaji somo hilo. Sasa dada yangu ananitazama kana kwamba nilimnyima mtoto makusudi.

Habari za vidole zilipomfikia, Mwanamkasi alivuka feri akaenda mpaka Kongowea, akachambua mitumba kutwa, akarudi na koti zito ambalo ukilivaa hapa unazimia. Ndani ya kola lina jina la duka la Uingereza. Yaani koti hilo mlilivaa nyinyi, mkalichoka, mkatuletea sisi, nasi tukalifunga vizuri pamoja na tangawizi na chupa ya mafuta ya nazi, tukampa mtu anayesafiri alirudishe kwenu. Limefika salama. Hashim anasema likilowa lina uzito wa mtu mzima, kwa hiyo siku za mvua anatembea na abiria asiyeshuka.

3. Simu ya dada. Tangu aonyeshwe kwamba simu inaweza kueleza hali ya hewa ya mji wowote, Mwanamkasi haangalii tena ya Mombasa. Asubuhi baada ya swala hufungua Leeds, na nyumba nzima tunaishi kwa hiyo. Simu ikionyesha wingu na matone, nguo hazianikwi. Mihogo haianikwi. Pikipiki yangu haitoki mpaka nivae koti la mvua, ambalo nimeapishwa kwa jina la marehemu mama yetu kwamba sitalivua mpaka simu ionyeshe jua. Kwamba jua la Likoni linapasua vichwa, yeye haoni linahusika vipi. Anachosema ni kwamba haiwezekani mtoto awe analowa huko na mjomba wake awe mkavu anacheka steji.

Mheshimiwa, nimekaa steji juani nimevaa koti la mvua, kofia yake imefunika masikio, jasho linanitiririka mpaka viatuni, kwa hiyo kulowa nalowa vilevile. Abiria wakiniona hutazama juu, kisha hunitazama mimi, kisha hupanda pikipiki ya mwenzangu. Kyalo, mwenyekiti wetu wa steji, mtu wa Ukambani mwenye roho nzuri, alinivuta kando akaniuliza kama kuna dawa ninayotumia na kama nimeiacha ghafla. Nilimjibu kwamba Leeds kunanyesha. Tangu siku hiyo ananisemesha kwa upole sana.

4. Maongezi ya Hashim. Mvua ikizidi hasa, yeye husimama chini ya daraja moja la reli na kutupigia simu. Hivyo kila mnapozidisha, simu inalia kwetu, na inalia wakati wa magharibi, sahani zikiwa zimeshatandikwa. Dada huiweka katikati ya mkeka, sauti ameifungulia yote, na chakula kinasimama. Tunaisikia mvua yenu kuliko tunavyomsikia mtoto. Mama yake humwuliza amekula nini, naye mgongoni ana mkoba wa biriani ya watu, harufu anaipata na ruhusa hana. Kisha huanza kuniigiza mimi: namna ninavyowapigia honi mbuzi, namna nilivyoanguka na pikipiki mbele ya watu wa harusini. Watu wazima wanacheka mpaka wanafuta machozi, dada akiwa wa kwanza. Inakwenda hivyo mpaka mvua ipungue, Hashim aage, na sisi tubaki na wali uliopoa na samaki aliyekauka. Naomba uandike mahali kwamba Uingereza inatupozea chakula.

5. Dua. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, nami naeleza kwa masikitiko. Dada aliwaita wanawake wa mtaa waje nyumbani wasome dua, mvua ikome, isimnyeshee mtoto. Walisoma vizuri, tena kwa machozi, wakanywa chai kwa mahamri wakaenda zao wameridhika. Ila hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutaja kwamba ni mvua ya wapi. Wallahi, tangu siku ile Leeds iliendelea kama kawaida na masika ya Likoni yakasimama. Wingu linakuja mpaka juu ya feri, linatutazama, linarudi lilikotoka.

Na huku kwetu wengi tungali na vishamba. Bi Mwanatatu, jirani yetu mwenye mahindi nyuma ya nyumba, alikuja na bua moja lililonyauka, akalilaza barazani kwetu na kuondoka bila kusema neno. Kesho yake alirudi, na mara hii maneno alikuja nayo. Anataka dua isomwe upya, mvua irudi. Dada amekataa, anaogopa itapotea njia tena na kumwangukia Hashim mara mbili. Kwa hiyo watu walioazimana chumvi maisha yao yote sasa hawasalimiani, kwa ajili ya mvua yako ambayo hata ndoo haijazi.

Kutokana na hayo tunakuomba, nasi tunaamini yamo ndani ya uwezo wako, kwamba mvua iwe inanyesha Hashim akishalala. Kama hilo ni gumu kwa sababu wananchi wako wameizoea mchana, basi isimame pale anapopita yeye tu. Pikipiki yake ni nyekundu na ubavuni ameandika Shika Adabu kwa rangi nyeupe, huwezi kuikosa. Kama na hilo halimkiniki, tubadilishane. Utuletee mvua yako yote, hata hiyo ya ubavuni, mahindi ya Bi Mwanatatu hayachagui, nasi tutakupa jua la kutwa, ambalo hapa tunalo mpaka tunalikimbia. Kyalo amekubali kuwa shahidi, ingawa nadhani alikubali ili nitulie.

Ukikaa kimya, itabidi wanawake wakusanyike tena, na safari hii watataja nchi, mji, mtaa na mlango wa ofisi yako. Sikutishi, nakujulisha mapema tu kama inavyotakiwa baina ya watu wenye adabu.

Nisalimie mkeo, watoto, wazee, na wote unaoshirikiana nao kazini, hasa yule anayehusika na upepo, maana naye nina neno naye. Mwanamkasi anakusalimu kwa sababu nimemlazimisha. Bi Mwanatatu hakusalimu.

Wako mtiifu, ndani ya koti la mvua,

Abubakar Hamisi

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Mheshimiwa, naomba radhi. Barua ilikuwa tayari, nikangoja Hashim apige simu nimweleze namna ya kuifikisha, na katika kungoja huko mambo yamebadilika. Wiki hii Leeds kuna jua. Dada alifurahi, akanivua koti kwa mikono yake, nguo zikaanikwa. Huku nako imenyesha juzi, mahindi yameinuka, na Bi Mwanatatu ametuletea mchicha, kwa hiyo habari ya kubadilishana tuiache.

Jioni ya kwanza simu haikulia, tukala wali wa moto. Ya pili vilevile. Ya tatu dada akamwandikia mtoto kumwuliza kama ni mzima, naye akajibu: "Mzima, mama. Jua limetoka, kazi ni nyingi, sina sababu ya kusimama. Nitapiga mvua ikinyesha."

Tangu hapo simu inakaa katikati ya mkeka, sahani zimeizunguka, na hakuna anayeanza kula. Hakuna wa kuniigiza. Nilikaa pale nikajikuta nataka kusikia namna nilivyoanguka mbele ya watu wa harusini, na hakuna mwingine anayejua kuisimulia. Jana nilimkuta dada amefungua hali ya hewa, nikamwuliza huko kunasemaje.

"Jua, Abu," akaniambia. "Jua tupu, mpaka Ijumaa."

Nimeishi na dada yangu maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akilia kwa sababu ya jua.

Kwa hiyo nakuomba uyafute malalamiko yote matano, pamoja na yale maneno ya mlango wa ofisi yako. Inyeshee Leeds. Si lazima iwe nyingi, wala isiwe na baridi ya kuua vidole, maana anavihitaji kwa kupigia simu. Iwe ya kiasi cha kumfanya mwenye pikipiki atafute daraja, na ije wakati kwetu ni magharibi na chakula kimeshapakuliwa. Kikipoa hatutasema kitu. Mwanzo nilikwambia kwamba barua ikikufikia imelowa uipokee kama ushahidi. Sasa nakwambia, ikikufikia kavu, ujue bado tunasubiri.

Koti la mvua ninalo, limetundikwa nyuma ya mlango. Leeds kukinyesha, nitalivaa mwenyewe bila kuapishwa.

A. H.