Kupunga Upepo na Mama Mkwe

Gazeti lilikuwa na umri wa wiki tano lilipofika Karema, kando ya ziwa, lakini kwenye benchi la kahawa la Hamis lilipokewa kwa heshima zote, kama mtoto aliyezaliwa alfajiri ile. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Benchi lenyewe lilikuwa mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa karibu na maji, na msomaji alikuwa Faustini, ambaye wote walimwita Padri Nusu kwa sababu alirudishwa nyumbani kutoka seminari kwa kosa la kucheka saa ya kimya.

"Tulieni," alisema Padri Nusu, akakohoa kwa ibada. "Habari za Dar es Salaam. Siku hizi makarani na wake zao hupanda mashua Jumapili asubuhi, wakaenda majini, wakarudi jioni."

"Wanavua nini?" aliuliza Adolf, mwenye mashua, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Nahodha.

"Hawavui."

"Wanapeleka mzigo gani?"

"Hawana mzigo. Wanapunga upepo."

Hamis akasimamisha birika hewani. "Upepo si upo nchi kavu? Hapa nilipo unanijaza majivu machoni tangu asubuhi, na wala sikuupandia chombo."

"Mtu atoke na tanga zima na watu wazima, arudi mikono mitupu, halafu aandikwe gazetini!" alisema Nahodha. "Mimi nikirudi mikono mitupu, mke wangu hanipi hata maji ya kunywa."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja. Baltazari, fundi cherehani, aliyeitwa Bwana Pasi kwa ajili ya suruali zake zenye mikunjo ya kukata mkate, alikuwa akitazama kikombe chake kana kwamba ameona mtu anayemfahamu humo ndani. Alikuwa amevaa suti nyeupe. Na tai.

"Bwana Pasi," alisema Padri Nusu taratibu, "misa si imekwisha? Suti hiyo inasubiri nini?"

"Inajikausha tu."

"Sema kweli, ama niseme mimi," alisema Nahodha. "Jamani, huyu alinishonea tanga lililochanika, na badala ya ujira akaomba mashua siku moja. Leo anampeleka mchumba wake Bibiana kupunga upepo. Gazeti lenu limechelewa!"

Kelele zilizopigwa pale ziliwafanya kuku wa Hamis wahame. Baltazari aliwaacha wamalize, kisha akasema polepole, "Nyie chekeni. Kuna jambo. Mama yake amesema anakuja."

Nahodha akaweka kikombe chini.

"Mama Verdiana?" aliuliza Padri Nusu. "Mkwe wako? Ndani ya mashua moja na wewe?"

"Amesema binti ambaye matangazo ya ndoa hayajaisha hapandi chombo na mwanamume bila mtu mzima."

Hamis, mtu wa Ujiji, aliwatazama mmoja mmoja. "Kwani nyie na wakwe zenu mna nini? Si mama tu huyo?"

"Hamis, ndugu yangu," alisema Padri Nusu, "kwa hawa mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, haliwi naye chakula. Ukikutana naye njiani, unaingia kichakani mpaka apite."

"Na ziwani kichaka kiko wapi?"

Baltazari alishika kichwa. "Tangazo la pili limesomwa leo. Bado moja. Nikimtazama usoni kabla ya hapo, ataenda kwa padri wa misheni kusema mimi sina adabu, na ndoa imekufa."

"Basi ahirisha."

"Ameshawatangazia wanakwaya wote. Nikimzuia, nimemkataa mkwe. Hapo ndoa inakufa leo leo."

Wakaanza kumshauri, kwa furaha kubwa, kama watu wanavyoshauri mambo yasiyowahusu. Hamis alitoa gunia la kahawa avikwe kichwani. Padri Nusu alipendekeza afumbe macho na kusali rozari mchana kutwa. Mwishoni Nahodha akapiga goti lake.

"Tanga! Mama akae mbele, wewe nyuma, tanga katikati kama pazia."

"Mungu akubariki!" alisema Baltazari.

"Ila nikigeuza chombo, tanga linahama."

"Basi usigeuze."

"Nisipogeuza tutafika Kongo."

"Mtapunga upepo wa Wabelgiji," alisema Hamis, "na mtaulizwa hati."

Lakini Bibiana alikuwa tayari anateremka ufukweni na kikapu, na nyuma yake mama yake, amejifunika kanga mbili, ya pili ikiwa ya usoni. Baltazari akarukia sehemu ya nyuma ya mashua kama mwizi.

Siku ilikuwa nzuri, wasemavyo waliokaa mbele. Maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yakionekana kama yamewekwa kwenye sahani. Bibiana alitumbukiza mkono, akawarushia ndege wa majini vipande vya muhogo, akaimba. Mama Verdiana alivua viatu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Baltazari, kwa upande wake, aliona viraka vya tanga tu. Alivishona mwenyewe vyote ishirini na viwili, na sasa alikuwa akivihesabu kwa mara ya nane.

"Adolf," ilisikika sauti ya mama, hatua nne tu kutoka kwake, "mwambie mwenye suti kuna samaki wa kuchoma, migebuka."

"Baltazari, kuna migebuka."

"Mwambie mama nashukuru sana."

"Mama, anashukuru sana."

"Nimesikia."

Mgebuka ukapita chini ya tanga, ukiwa umesukumwa na kidole cha mguu. Baltazari aliula kwa heshima.

Saa nane upepo ukakaza. Nahodha alitazama mbele, akatazama nyuma, akasema kwa huzuni, "Ndugu yangu, nageuza."

"Subiri kidogo!"

"Upepo hausubiri. Moja, mbili..."

Tanga likapiga kofi moja kubwa, likainuka, likahama. Palepale pazia lilipokuwa hapakuwa na kitu ila mwanga wa jua na Mama Verdiana mzima mzima. Kabla macho yake hayajamfikia, Baltazari alikuwa ameingia ziwani, suti, tai na viatu.

Pale benchini, Hamis alikuwa wa kwanza kuwaona wakirudi.

"Nahodha amevua!" alisema. "Anaburuta kitu kikubwa kwa kamba."

Padri Nusu akakinga macho. "Mweupe. Sangara?"

"Sangara hafungi tai."

Baltazari alifika ufukweni akiwa ameshika kamba ya nyuma, mgongo wake ameuelekeza kwenye mashua kwa adabu timilifu. Mama Verdiana alishuka, kanga usoni, akapita benchi bila neno, akapanda njia ya misheni, Bibiana nyuma yake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Analia kwa hasira," alisema Padri Nusu. "Nimeyaona mabega ya namna hiyo seminari. Siku ile niliyorudishwa."

"Angalau kaa, ukauke," alisema Hamis, akimpa kahawa. "Na mamba je? Hukuwaogopa?"

"Mamba naruhusiwa kumtazama," alisema Baltazari, meno yakigongana.

Hakuna aliyecheka sana. Kila mmoja alikuwa akiiona Jumapili ijayo, na tangazo la tatu ambalo halitasomwa. Nahodha alikamua tai ya rafiki yake bila kuambiwa. Baltazari alitazama njia ya misheni, na hakuacha kuitazama hadi Bibiana alipotokea akikimbia, viatu mkononi.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Baltazari. Sauti ilikuwa ndogo.

"Amelala chini sebuleni. Amecheka mpaka mbavu zinamuuma." Bibiana akavuta pumzi. "Amesema amezaa mabinti watano, na hajapata kuona mkwe anayemheshimu mpaka akaacha nchi na chombo. Tangazo la tatu lisomwe. Akisikia mtu analipinga, atajibizana naye yeye mwenyewe."

Baltazari alikaa chini mchangani, akavua kiatu kimoja, akamwaga maji, akacheka peke yake.

"Na amependa kupunga upepo," aliendelea Bibiana. "Anataka twende tena Jumapili ijayo. Shangazi zangu wanne nao wanakuja."

"Shangazi nao ni wakwe?" aliuliza Hamis.

"Wote," alisema Padri Nusu, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyesamehewa dhambi.

Nahodha alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Shangazi wanne, mama, wewe, mimi, Baltazari. Haiwezekani. Mashua yangu haichukui watu wanane."

Bibiana alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Watu saba, Nahodha," alisema. "Kwani Baltazari anakaa ndani?"