Lorine wa Jukwaa la Anga

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nimeweka shairi langu mtandaoni, kwenye Jukwaa la Anga. Washiriki mia mbili, nusu Uganda kwetu, nusu Kenya, wote wapenzi wa mashairi ya roketi na filamu za maroboti. Beti nane! Linaanza: "Ewe Zuhura, nyota ya mbali, nakuja kwa roketi yenye makali." Hadi jioni wameitikia wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni Wilkister, mpima damu wa maabara, Busia ya Kenya. Ameandika kwamba Zuhura ni sayari, si nyota, kisha akauliza kama hiyo ni roketi au panga. Swali lake limepata vicheko arobaini na kimoja! Mimi Engole, miaka kumi na tisa nikiwachapia watu barua zao hapa mpakani, nichekwe hivi.

Jumanne, 11 Machi
Dawa imepatikana. Nimefungua akaunti ya msichana. Lorine wa Buhehe, mpenda fasihi. Picha: mpapai. Lorine amesema shairi la Engole limemtoa machozi. Asije akashukiwa, akatoa na maoni kuhusu ile filamu inayoonyeshwa kwenye vibanda vya video: roboti hakulia mwishoni, alikuwa anavuja mafuta. Niliyaandika haraka, kati ya mteja na mteja. Jukwaa limelipuka kwa furaha! Wilkister amesema Lorine ana akili kuliko sisi wote. Mimi sikutajwa na mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Edimu, mwenzetu wa jukwaani, amemwandikia Lorine faraghani. Ni mwalimu wa hesabu, Tororo. Figo zimemlaza tangu Krismasi. Anasema yale mafuta ya roboti yalimchekesha hadi dada yake akaja mbio kuona kuna nini. Hajacheka hivyo mwaka huu. Ametuma na shairi, anaomba Lorine amwambie kama linafaa.

Chombo kinaishiwa hewa.
Nahodha anavuta kidogo kidogo
ili mche wa dirishani ubakiwe.

Basi! Mistari mitatu. Nilisoma mara nne, mteja akaondoka na barua yenye jina la mtu mwingine. Ni zuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Lorine amemjibu kwamba halijakomaa, asiliweke jukwaani kwanza.

Jumapili, 16 Machi
Edimu alimwomba Lorine aje amwone. Nimekwenda mimi. Alaa, ningefanyaje? Nilidhani nitamkuta mgonjwa. Nilimkuta mtu anayeondoka. Miguu imevimba, uso umepauka, daftari kifuani. Dada yake, Akiror, alinishika mkono mlangoni.

"Wewe natoka kwa Lorine? Yeye nauliza huyo kila siku."

Nikasema Lorine amesafiri. Nikamwambia Edimu mimi ni Engole.

"Yule wa panga?" Akatabasamu. Nikakubali. Kisha akapumzika kidogo, maana kusema kulimchosha.

"Kaka, mwambie nimejaribu kulikomaza lile shairi. Nimeliandika upya mara kumi na moja. Limekataa."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na sentensi nzima tayari ulimini.

"Nitamwambia," nikasema.

Jumatano, 19 Machi
Edimu alifariki juzi. Tumemzika leo. Wilkister alivuka mpaka kuja, kavaa nyeusi, na ni mfupi kuliko nilivyodhani. Akiror alikuwa akiuliza kila mgeni wa kike kama ndiye Lorine. Hakuna aliyekuwa. Mwishowe Wilkister akasema, mbele ya kaburi, kwamba Lorine ni mtu asiye na moyo, mgonjwa amemwita na hakuja.

Ilinichoma! Mimi ndiye niliyemlea Lorine. Nikajikuta nimesema kwamba Lorine naye amekufa. Jumapili. Kagongwa na lori njiani, akija kumwona Edimu.

Akiror alipiga ukelele. Wilkister aliketi chini kwenye udongo mbichi na nguo yake nyeusi, akawa anarudia kwamba Mungu amsamehe ulimi wake. Nilimwinua. Nikamwambia Mungu anaelewa.

Alhamisi, 20 Machi
Nimeliweka shairi la Edimu jukwaani, kwa jina lake. Hilo nimelifanya. Kabla ya saa sita mchana watu mia na sitini walikuwa wameshalia. Wilkister amesema mche ndio unaotoa hewa, lakini leo hajali. Chini yake nikaweka rambirambi yangu kwa marehemu wote wawili, beti nane. Watatu wameitikia. Watatu! Katika msiba mkubwa namna hii.

Sasa mambo yamezidi. Jukwaa linakuja Buhehe Jumamosi kumpa pole mama yake Lorine. Akiror anakuja na daftari la Edimu, anataka mama huyo abaki nalo. Wilkister anauliza ni nyumba ipi.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya ukweli. Nimefikiria uso wa Akiror. Nimeandika ungamo zima, nikalisoma, nikaona beti za mwisho hazina vina, nikalifuta.

Nimemfungulia mama akaunti. Jina lake Mama Lorine. Ameshaandika kwamba msiba umemlemea, wageni wasije kwanza. Anawashukuru wote, na zaidi ya yote, rambirambi ya Engole ndiyo iliyomfariji.