Friji Mbili na Mkeka Mmoja

Jumatatu, 2 Februari
Serikali imeamua kutupenda. Bila shaka uchaguzi unanukia. Mzee wa mtaa amesema afisa atazunguka Mtopanga wiki hii kusaka maskini wa kweli, wapewe pesa kila mwezi. Maskini wa kweli! Si mimi huyo? Dalali wa nyumba nisiye na nyumba. Shida ni kwamba nina friji, na serikali haiamini njaa ya mwenye friji. Haijui ndani mna maji tu.

Pesa hizo zitakuwa mahari ya Mwanatabu, binti wa mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya feri. Nampenda hadi nakosa usingizi. Na si wizi, ni ushuru wangu unarudi nyumbani. Ushuru silipi, lakini ningelipa, ningelipa mwingi sana.

Jumanne, 3 Februari
Nimehamishia friji, kochi na televisheni kwa jirani yangu Elkana, karani wa bandarini. Nimemwambia napiga dawa ya kunguni. Akakagua kochi kwanza, mshenzi. Huyu ni mtu anayekatwa ushuru kila mwezi na hajawahi kutafuta njia ya kukwepa. Halafu ati amesoma!

Jumatano, 4 Februari
Balaa! Mwanatabu amepiga simu. Kabla ya barua ya posa kupokelewa, ami yake Mbwana atavuka feri kuja kunichunguza. Atakuja ghafla, kama ilivyo ada yao. Sijawahi kumwona. Sasa nimtandikie mkeka?

Jioni nimepata jibu. Elkana ameniachia ufunguo ili nijichukulie maji baridi. Afisa nitampokea kwangu, kwenye mkeka. Ami nitamkaribisha kwa Elkana, kama kwangu. Nitawatofautisha vipi? Rahisi. Afisa huvaa suruali na kubeba mkoba. Mzee wa heshima huvaa kanzu. Wakati mwingine akili yangu hunitisha.

Ijumaa, 6 Februari
Ushindi mara mbili! Baada ya swala alibisha mtu wa suruali, mkoba kwapani. Nikajikunja mkekani. Akaniuliza hali yangu. Nikamwambia mgongo mbovu, kazi sina, wake wawili wamenikimbia wakaniachia watoto saba. Akatikisa kichwa, karibu alie. Saba tu, nisionekane mwenye tamaa.

Hajafika mbali, akaja mwenye kanzu na kofia. Shikamoo nzito, kisha moja kwa moja kwa Elkana. Nikamwonyesha friji mbili, moja ya wageni. Nikataja viwanja vyangu vya Kiembeni. Akaniuliza kama nalipa ushuru, nikamwambia kuliko karani yeyote wa bandarini. Akapiga picha friji zote mbili. Ami wa kisasa! Akauliza chumba kitupu cha jirani ni cha nani. Nikasema ni cha Elkana, mtu wa bara, masikini, namsaidia nikipata.

Jumamosi, 7 Februari
Nani alisema afisa wa serikali asivae kanzu siku ya Ijumaa? Mtopanga nzima ilivaa kanzu! Isipokuwa Ami Mbwana, karani mstaafu, ambaye huvaa suruali hata Idi.

Mwanatabu amepiga simu akilia. "Wallahi, Kiponda, watoto saba, na hata jina la mmoja hukuniambia!" Nikamwapia kwamba sina hata mmoja. Akasema nikamwambie babake ukweli kwa mdomo wangu, kabla ya mfungo, la sivyo ataolewa na Hassan mwenye duka la simiti. Hassan! Moyo umeniuma sana, sikula hadi usiku.

Mzee wa mtaa naye amekuja. Afisa amesema mimi tajiri, na habari za viwanja zimefika kwa watu wa ushuru. Aliyeandikwa maskini wa kweli ni Elkana.

Jumapili, 8 Februari
Elkana amekwenda kwa chifu kukataa pesa. Kukataa! Watu kama hawa ndio wanaoirudisha nchi nyuma.

Nimefikiria sana maneno ya Mwanatabu. Ana haki. Babake lazima ausikie ukweli. Lakini ukweli ni kitu kizito, unahitaji mtu wa kuaminika kuusema. Kwa hiyo kesho atavuka feri afisa wa serikali, suruali na mkoba, kuthibitisha kwamba Kiponda hana mke wala mtoto. Babake hajawahi kuniona, na Ami Mbwana aliniona nimejikunja mkekani tu, hatanitambua nikisimama.

Elkana ameniazima tai. Nimemwambia naenda mazikoni.